Mkono wa Kumwosha Nana

Saa kumi na mbili asubuhi, Radhiya Bakr anakoroga uji ambao hakuna mtu atakayeunywa.

Yuko jikoni kwake, mtaa wa Langoni, mjini Amu, au Lamu kama waiitavyo watu wa bara. Amejifunga leso kiunoni, na sufuria dogo limekaa juu ya jiko la mkaa. Ndani mna unga wa muhogo, maji na chumvi kidogo. Anakoroga bila kupumzisha mkono, asije akaacha donge hata moja, mpaka uji unakuwa mzito na kuanza kung'aa. Kisha anaepua, anafunika kwa kitambaa safi na kukaa kuungoja upoe.

"Majirani walinicheka mpaka wakachoka wenyewe," anasema. "Waliniita nesi wa uji. Kuna mmoja aliniuliza kama wagonjwa wangu wote ni vibogoyo."

Uji huu ni wa kupaka. Radhiya, mwenye umri wa miaka 41, ni muuguzi mzaliwa wa Pate ambaye huwafuata wagonjwa majumbani mwao, na mkobani mwake hubeba mashine ya altrasaundi. Si ile ambayo kina mama wajawazito huijua, yenye kioo cha kumwonyesha mtoto tumboni. Hii ni ya tiba, wala haina picha. Ina kichwa cha chuma cha kuenea kiganjani, na kichwa hicho hupeleka mwilini mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii. Yakifika penye msuli au kiungo kilichokakamaa, huleta joto na kupalainisha.

Lakini mawimbi hayo hayavuki hewa. Lazima kati ya chuma na ngozi pawe na kitu cha kuteleza cha kuyapitisha. Jeli ya dukani huletwa kwa boti kutoka bara, na wiki nyingine haiji kabisa. Ndipo sufuria linapopanda jikoni.

"Wazee hawaniamini," Radhiya anasema. "Bwana Gharib wa Matondoni ni fundi wa majahazi, kiwiko chake kimechakaa kwa kuchonga mbao. Siku ya kwanza kumtibu aliniuliza, 'Waona nini humo ndani?' Nikamwambia sioni kitu, mashine hii haioni. Akasema, 'Basi zima, tusitiane hasara ya stima.'"

Anacheka, halafu anafunua kitambaa na kuutia uji kidole. Bado una moto.

"Wa leo ni wa Bi Huwaida," anasema. "Na huenda asikubali nimpake. Toka bintiye atutoke hajataka mashine imguse, na mkono unajifunga. Nampelekea hivyo hivyo. Nikienda mikono mitupu nitakuwa nimemkatia tamaa."

Nyumba ya Bi Huwaida Abubakr haiko mbali, ila ndia ya kufika, kama waisemavyo wenyewe wa Amu, ni ile ya kupisha punda kwanza ndipo nawe upite. Radhiya amekumbatia chupa ya uji kifuani na mkoba umening'inia begani. Anaitikia salamu za walioko vibarazani bila kusimama. Njiani anasimulia jinsi alivyoanza kuingia nyumba hiyo.

Bi Huwaida, mwenye umri wa miaka 66, ni mwosha. Mwanamke akifariki katika mitaa hii, yeye ni katika wa kwanza kugongewa mlango. Alirithi kazi hiyo kwa mamake, na wako wanawake wengi waliozikwa Amu ambao mikono ya mwisho kuwagusa ilikuwa yake. Ni kazi isiyo na mshahara, na ina sharti moja ambalo wenyewe hawalifanyii mchezo. Alichokiona mwosha juu ya mwili wa maiti, kovu, kidonda au aibu yoyote, hakitoki mdomoni mwake mpaka naye aoshwe.

Mwaka juzi aliteleza kwenye sakafu yenye maji, akiwa kazini, akaangukia bega la kulia. Mfupa haukuvunjika, akalipuuza. Bega likamjibu polepole. Kwanza lilimnyima usingizi, kisha likaanza kukataa. Mkono ukawa unainuka mpaka usawa wa kifua tu na kugota hapo, kana kwamba kuna mtu anaushika.

Kwa madaktari jambo hilo lina jina. Ni bega lililoganda.

Radhiya hakwenda kwake kwa ajili ya bega. Alikwenda kwa ajili ya Nana, mtoto pekee wa Bi Huwaida, mchoraji hina aliyekuwa akitafutwa na maharusi wa Amu na Pate kwa zamu. Nana alikuwa na saratani ya titi. Alipasuliwa Mombasa, akatibiwa, akapata nafuu ya miezi, kisha ugonjwa ukaibukia mgongoni, ndani ya mifupa. Alirudishwa nyumbani akiwa na miaka 34, na kazi ya Radhiya ikawa kumsafisha kidonda na kumpa mofini ya kunywa.

"Bi Huwaida alinificha ule mkono," Radhiya anakumbuka. "Nikamwona siku moja ajitanda buibui kwa mkono mmoja, upindo ameuuma kwa meno. Nikamuuliza, una nini? Akasema uzee."

Ni Nana aliyemfichua mamake. Alimwambia Radhiya kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu anayeagiza kitu dukani, "Dada, mtazame Mama bega. Huyo ndiye wa kuniosha."

Radhiya alijaribu kuligeuza neno hilo. Nana hakumwachia nafasi. Alisema hataki mwosha mwingine, awe nani. Hataki mwanamke yeyote wa mjini aone ugonjwa ulivyomfanya, hata wale ambao wamekula yamini kutosema. Mamake peke yake, na wa kumshikia maji awe Radhiya, kwa sababu yeye ameshaona.

Bi Huwaida alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Kumwosha mtu kwataka mabega mawili. Maji huinuliwa na kumiminwa, mwili hugeuzwa ubavu huu na ubavu huu, kwa upole, na aliyelala hatoi msaada wowote. Kwa mkono mmoja haiwezekani.

Alingoja mpaka wakafika ukumbini. "Mwanangu," akamwambia Radhiya, "nifungue mkono huu. Sikuombi kingine. Nifungue nimwoshe mwanangu."

Mashine hiyo Radhiya aliachiwa na Kagendo, mtaalamu wa viungo kutoka Meru, ambaye alifanya kazi Amu kabla ya kuhamishiwa bara. Kagendo alimfundisha kuitumia kabla ya kuondoka, na mpaka leo humwelekeza kwa simu. Usiku ule Radhiya alimpigia.

"Kagendo aliniambia ukweli," anasema. "Alisema mashine peke yake haifungui bega. Yalainisha tu, halafu ni mazoezi, na mazoezi yenyewe yaliza watu. Akasema bega kama hilo laweza kuchukua mwaka. Kisha akaniuliza, 'Sista, na huyo binti ana muda gani?' Nikamwambia tuanze kesho. Akaelewa."

Walianza asubuhi iliyofuata. Jeli hakuna. Kagendo alishawahi kusikia wauguzi wa kwingine wakitumia wanga uliopikwa, akamwambia ajaribu. Bi Huwaida aliingia jikoni akatoka na sufuria dogo. Lilikuwa sufuria la uji wa Nana, naye Nana alikuwa hawezi tena kumeza uji.

"Nililishika nikasita," Radhiya anasema. "Akaniambia, 'Pika. Lisikae bure.'"

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Uji unapikwa, unapozwa, Bi Huwaida anakaa kwenye kiti kando ya kitanda cha mwanawe, bega wazi, na Radhiya anazungusha kile kichwa cha chuma polepole, mviringo juu ya mviringo. Baada ya hapo mama anasimama mbele ya ukuta, anaweka vidole chini na kuvipandisha kama kaa, inchi kwa inchi, mpaka maumivu yanamsimamisha. Hapo Radhiya anachovya kijiti katika piko, ile hina nyeusi ya Nana, na kuweka alama.

Nana alikuwa akitazama, kichwa kimelala kwenye mto. Alikuwa mwamuzi asiye na huruma. "Umeinua kisigino, Mama," husema. "Hiyo haihesabiwi. Rudi chini." Siku mkono ulipovuka usawa wa bega kwa mara ya kwanza, alipiga kigelegele kimoja chembamba, kisha akakohoa muda mrefu.

Juu ya alama zile kuna kidaka, shimo la ukutani walilozoea watu wa nyumba za mawe kuwekea vyombo vyao vya thamani. Nana aliweka sharti. Mama akigusa ukingo wa kidaka, atakuwa anaweza.

Wote watatu walijua anaweza nini. Hakuna aliyelitaja tena.

Mkono ulikuwa unapanda, na Nana alikuwa anashuka. Mgongo ulikuwa ukimtafuna hasa alfajiri, kabla dawa haijashika. Bi Huwaida alikuwa akikaa pale na bega lake lililopata joto, anamsikiliza mwanawe akiuma shuka. Asubuhi moja aliushika mkono wa Radhiya mashine ikiwa inazunguka.

"Niondolee hii," alisema. "Mpake Nana mgongoni."

Radhiya alimweleza haiwezekani. Penye saratani mashine hii haiwekwi, hata kwa bahati mbaya. Joto na mawimbi yake huenda yakauchochea ugonjwa ukakua na kuenea.

"Kwa hivyo mimi mzee yanipoza, na mtoto yamchoma?"

"Ndiyo, Bi Huwaida."

"Yuwalia, Radhiya. Mimi bega langu lapata raha, na mwanangu hapa yuwalia."

Radhiya anasema hana neno katika kazi yake lililowahi kumuumiza kama hilo. Aliendelea kuzungusha chuma juu ya bega kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alipofika kwake alikaa na viatu vyake miguuni, akalia kama aliyefiwa.

Siku chache baadaye aliitwa kwa dharura kwa mama mwenye shinikizo la damu, mtaa wa pili. Aliuacha mkoba wake ukumbini kwa Bi Huwaida, uji ukiwa bado wapoa, akasema atarudi mara moja.

Aliporudi, mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Bi Huwaida alikuwa amepiga magoti kitandani. Nana amelazwa ubavu, mgongo umepakwa uji, na mamake anauzungusha ule mkono wake mbovu juu ya mgongo huo, kichwa cha chuma kiganjani, mviringo juu ya mviringo, kama alivyoona akifanyiwa. Alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye uji.

"Wasikiaje, mwanangu?"

"Napata joto, Mama," Nana alisema. "Napata nafuu."

Radhiya alifungua mdomo apige kelele. Hapo Nana, ambaye uso wake ulielekea mlangoni, alimwona. Alizungusha mato yake, kama waitavyo macho huku, mpaka ukutani, kwenye swichi.

Swichi ilikuwa imezimwa. Radhiya huizima kila amalizapo, kwa kuhofia stima ya Amu inavyopanda na kushuka. Bi Huwaida alikuwa amechomeka waya na kubonyeza kitufe cha mashine, kwa kuwa hicho ndicho alichomwona muuguzi akibonyeza, na kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho alio nao asingeweza kuona kwamba taa haikuwaka. Kilichokuwa kikipita mgongoni mwa Nana kilikuwa chuma baridi na uji.

Radhiya alirudi nyuma hatua kwa hatua, akatoka hadi kibarazani, na akakaa huko mpaka alipoitwa.

Mchana wake, walipobaki wawili, Nana alimshika kidole. "Usimwambie, dada. Mwache ajue kuna kitu alinifanyia."

Radhiya aliahidi. Bi Huwaida naye, kwa upande wake, hakutamka neno. Aliurudisha mkoba mahali pake, akaufunga zipu, na akaamini kwamba hakuna aliyemwona.

Nana alifariki Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Siku mbili kabla yake Bi Huwaida alikuwa ameufikisha mkono hadi alama iliyo chini kidogo ya kidaka. Ukingo wenyewe hakuwahi kuugusa.

Waosha wenzake walikuja, wakasimama ukumbini na mabuibui yao. Walimwona alivyo wakamsihi awaachie wao. Aliwashukuru mmoja mmoja, akawaomba wamkatie sanda, kisha akamwita Radhiya ndani na kufunga mlango.

Yaliyokuwa mle ndani Radhiya hayasemi. Alipoulizwa alitikisa kichwa, na akakubali kuzungumzia jambo moja tu, ambalo ni la mkono.

"Alianza vizuri. Nilikuwa namwagilia mahali anaponionyesha. Ikafika kumgeuza. Aliupitisha mkono chini ya bega la Nana, akainua, nikasikia bega lake likialika kama kijiti kikavu. Rangi ilimtoka. Nikasema, Bi Huwaida, niachie. Akasema, 'Shika maji.' Akasema hivyo tu. Akamgeuza. Akamrudisha, akamgeuza upande wa pili. Mpaka maji ya mwisho, yale ya karafuu maiti, mkono haukushuka."

Anasimama kwenye pembe ya kichochoro, anaihamisha chupa ya uji kwapani na kujifuta uso kwa upindo wa mtandio.

"Nilidhani baada ya pale atautunza ule mkono kama mboni ya jicho," anasema. "Baada ya khitima nilikwenda na mashine. Akaniambia, 'Kazi yake imekwisha, mwanangu. Nenda nayo.'"

Amekwenda kila Jumanne tangu hapo. Hukaribishwa kahawa na kaimati, huulizwa hali ya nyumbani Pate, na mkoba hubaki umefungwa. Bega limerudi karibu lilipoanzia. Watu waliokuja kumwita Bi Huwaida kwa ajili ya maiti wamerudishwa na neno moja, kwamba hana mkono.

Leo mlango uko wazi. Bi Huwaida amekaa ukumbini juu ya mkeka, mwembamba, leso imefungwa kwa mkono mmoja. Anawakaribisha wote wawili, Radhiya na mwandishi aliyefuatana naye, na kuanza kumimina kahawa kwa kushoto. Anaomba radhi kwa hilo kila kikombe.

Kupitia mlango wa chumba ukuta unaonekana. Alama za piko zimepanda mstari mmoja usionyooka, kutoka usawa wa kifua hadi karibu na kidaka.

Swali aliloulizwa na mwandishi lilikuwa la kawaida. Aliulizwa kwa nini ameacha tiba, ilhali iliwahi kumsaidia.

Bi Huwaida hakumtazama aliyeuliza. Alimtazama Radhiya, akakirudisha kikombe kwenye kisahani.

"Kwa sababu mkono huu ndio uliomuua," alisema.

Radhiya akaweka chupa chini.

"Uliniambia isiwekwe," Bi Huwaida aliendelea. "Ulinieleza kwa lugha niielewayo, wala sina la kujitetea. Ukenda kwa yule mama mwenye presha, nami nikaichukua. Nilimpaka mgongo mzima. Hazikupita siku nyingi akafa. Nimeyaosha mabaya ya watu umri wangu wote nikayafunika. La kwangu halifunikiki. Mkono huu na uoze."

Nje, punda mmoja alilia, akajibiwa na mwingine. Radhiya alikuwa ameinamisha kichwa. Baadaye, akiwa njiani kurudi, atasema kwamba alikuwa anapima viwili. Akinyamaza, ameitunza ahadi ya marehemu na kumwacha mamake azikwe akiwa hai. Akisema, anamnyang'anya mama ile nafuu aliyodhani alimpa mwanawe.

Alisogea mkekani mpaka magoti yao yakagusana.

"Bi Huwaida, swichi ilikuwa imezimwa."

"Swichi gani?"

"Ya ukutani. Nilikuwa nimeizima mimi. Nilirudi nikakukuta, nikasimama hapo mlangoni. Mashine haikuwaka hata kidogo. Ulimpaka uji, basi. Hukumdhuru kitu."

Bi Huwaida aligeukia mlango wa chumba. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti, kama anayefanya hesabu upya tangu mwanzo.

"Aliniambia apata joto," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Alijua?"

"Alijua. Ndiye aliyenionyesha swichi. Alinishika kidole akaniomba nisikwambie, uishi ukijua kuna kitu ulimfanyia. Nimekuvunjia ahadi yake, nisamehe, naye anisamehe."

"Mwongo yule," Bi Huwaida alisema, na sauti ikamkatika hapo. Alilia kwa uwazi, kinywa wazi, mkono wa kushoto juu ya kichwa na wa kulia umelala mapajani. Radhiya alimkumbatia upande ule mzima na hakumwambia anyamaze.

Kilio kilipopungua alijifuta kwa leso. "Kwa hivyo sikumdhuru," alisema. "Wala sikumsaidia."

"Alilala," Radhiya alimjibu. "Siku ile alilala mpaka adhuhuri, na sikuwa nimempa dawa. Hilo nililiona kwa macho yangu. Halikuwa la mashine."

Bi Huwaida aliliweka neno hilo moyoni taratibu. Kisha, kama mwenye nyumba anayekumbuka mgeni ameachwa bila kuhudumiwa, aliitazama chupa iliyowekwa sakafuni.

"Umepoa?"

"Umepoa."

"Basi paka."

Waliingia chumbani, Radhiya akachomeka mashine. Safari hii, kabla ya kukiweka chuma begani, aliuchukua mkono wa mama na kuupeleka ukutani, akamgusisha swichi ikiwa imewashwa. Bi Huwaida aliipapasa kwa kidole gumba na kuitikia kwa kichwa. Halafu akafumba macho, na chuma kikaanza kuzunguka.

Baada ya hapo alisimama mbele ya ukuta, kando ya kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe na kisichokuwa na mtu. Aliweka vidole kwenye alama ya chini kabisa. Vilipanda hadi ya tatu vikagota. Alijaribu tena, jasho likamtoka, vikagota pale pale. Zilizobaki zilikuwa nyingi, na kidaka kilikuwa mbali. Hakuna aliyekuwepo kitandani wa kumwambia kisigino chake kimeinuka, na kilikuwa kimeinuka kweli.

"Kile kisigino," Radhiya alisema kwa upole.

Bi Huwaida alikishusha. Hakugeuka.

Shemeji zake wanataka kupaka chokaa nyumba nzima kabla ya Ramadhani, na ndoo za chokaa zimeshaletwa ukumbini. Anasema wapake, ila ukuta huo wamwachie. Ameruhusu pia haya yaandikwe, yale anayoyaona yanasemeka. Radhiya anatumaini kwamba kabla ya mwaka kwisha bega litafika lilikofika mara ya kwanza, na hatoi ahadi zaidi ya hiyo. Bi Huwaida mwenyewe anachotaka ni kidogo. Anataka watakapomgongea mlango kwa ajili ya binti wa mtu mwingine, aweze kuinuka na kwenda.

Wakati wa kuagana alimsindikiza Radhiya mpaka kizingitini. Tangu mazishi, majirani wanasema, amekuwa akiishi kwa kahawa na tende, na anayemletea chakula huondoka nacho.

"Kesho pika mwingi," alimwambia. "Mwingine utie sukari."

Radhiya alishuka vidato vya kibaraza, akavuka mtaro na kushika njia ya kurudi Langoni, chupa tupu mkononi. Kesho, alisema, atabandika masufuria mawili.